Bibi yako hakukosea: thieta ni mahali pa kutazamia

"Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni, nasomea sanaa za maonyesho. Nilipomwambia bibi kwamba nasomea thieta alishangilia, akidhani najifunza upasuaji. Nilipomweleza kuwa ni mambo ya maigizo, akanyamaza. Darasani nako tumegawanyika. Wengine wanasema thieta ilianzishwa na Wagiriki na huku kwetu haikuwepo mpaka wazungu walipokuja. Wengine wanasema huo ni uongo wa wakoloni, tusiwasome Wagiriki kabisa. Kitabu kimoja kinasema tanzia maana yake ni 'wimbo wa mbuzi', kingine kinasema ni mchezo wa huzuni unaoishia kwa kifo. Baada ya wiki tatu kikundi chetu kitaonyesha kipande cha Mfalme Oedipus, tamthilia ya Mgiriki Sophocles, na wengi wanataka tuiondoe korasi, lile kundi la waimbaji, kwa sababu inachosha. Naomba unifafanulie: thieta ni nini hasa, Wagiriki walianzisha nini, na hiyo korasi tuifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na bibi yako, maana katika barua yako yote yeye ndiye aliyelikaribia jibu, na wala hakujua.

Huku kwetu mtu akisema "kaingizwa thieta", ndugu wanaanza kuomba dua. Ukitaja thieta ya maigizo inabidi ufafanue. Watu hudhani ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati, kumbe ni neno moja. Linatoka kwenye Kigiriki "theatron", ambalo limejengwa juu ya kitenzi "theasthai", yaani kutazama kwa makini, na kiishio cha kuonyesha chombo au mahali pa kutendea jambo. Maana yake ya kwanza, basi, ni mahali pa kutazamia. Siyo mchezo, siyo waigizaji, wala siyo jengo lenye paa. Ni ule mteremko wa kilima walipokaa watu.

Hospitali ililipataje? Mjini Padua, Italia, miaka ya 1590, chuo kikuu kilijenga chumba chembamba chenye ngazi za kuzunguka, wanafunzi wakawa wanasimama juu kutazama maiti ikipasuliwa chini. Wakakiita thieta, kwa kuwa ni mahali pa kutazamia. Palipokuwa zamani hospitali ya St Thomas, London, bado kipo chumba cha upasuaji cha mwaka 1822 chenye ngazi za aina hiyo kuzunguka meza ya mgonjwa. Baadaye watazamaji wakaondolewa, milango ikafungwa, lakini jina halikutoka. Kwa hiyo mwambie bibi kuwa neno ni lilelile. Tofauti ni kwamba wewe umebaki upande wenye watazamaji.

Kuna jambo jingine ambalo Kiswahili kinakusaidia zaidi ya kamusi ya Kigiriki. Kwenye ukoo wa "theatron" limo pia "theoria", neno lililozaa "theory" ya Waingereza. Sisi kwa dhana hiyo tunasema nadharia, na nadharia ni Kiarabu, kutoka kwenye shina lenye maana ya kutazama. Lugha mbili zisizo na undugu zimeanzia jichoni zikafika kwenye fikra. Mahali pa kutazamia na kazi ya kufikiri vimelala kitanda kimoja, na mimi naona hapo ndipo maana ya thieta ilipo: watu wanakaa pamoja, mbali kidogo na jambo, ili waweze kuliona.

Majina mengine hushika sehemu nyingine za mwili huohuo. "Drama" inatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kutenda. "Tamthilia" yetu, kwa Kiarabu, ni ndugu wa mithili na methali, kwa hiyo inashika mfano na ufanano. "Mchezo" unakumbatia ngoma, mpira na maigizo kwa pamoja. Usiniulize lipi ni sahihi. Kila moja limeshika kitu.

Sasa ugomvi wa darasani kwenu. Pande zote mbili zimekosea, na nitasema zimekosea wapi.

Anayesema Wagiriki walianzisha maigizo hajafika Misri. Kuna jiwe la kumbukumbu la afisa aitwaye Ikhernofret, wa wakati wa Farao Senusret wa Tatu, karne ya 19 KK. Anaeleza alivyosimamia ibada za mungu Osiris huko Abydos: maandamano yenye mashua ya mungu, maadui wakipigwa na kurudishwa nyuma, mungu akisindikizwa kaburini na kurejeshwa hekaluni. Hiyo ni Afrika, na inaitangulia Athens kwa zaidi ya miaka 1,200. Tena huhitaji kwenda Misri. Mtambaji anayesema "paukwa" akajibiwa "pakawa", halafu akabana sauti akawa sungura, akakoroma akawa fisi, anaigiza. Hakusubiri meli ya mtu.

Anayesema tusiwasome Wagiriki naye anajinyima, maana kipo walichokianzisha, na ni kidogo kuliko wanavyosifiwa ila kina uzito. Nitakaa hapa kidogo.

Athens ya karne ya 6 KK ilikuwa na kwaya za kucheza na kuimba kwa heshima ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Wimbo huo uliitwa dithirambo. Watu hamsini wakizunguka, wakiimba habari za mungu au shujaa: *yeye* alifanya hivi, *yeye* alikwenda kule. Mapokeo yanasema kwamba yapata mwaka 534 KK mtu aitwaye Thespis alijitenga na kwaya akavaa uso wa bandia, akasema: *mimi*. Hakusimulia habari za mfalme, bali alijibu kama mfalme. Kwaya ikamuuliza, naye akajibu. Mwigizaji kwa Kigiriki aliitwa "hypokrites", na tafsiri mojawapo ya neno hilo ni mjibuji, yule anayeitika.

Neno hilo unalifahamu bila kujua. Katika Injili ya Mathayo, pale Yesu anapoonya watu wasisali wala kutoa sadaka kama wanafiki, Kigiriki kimeandika "hypokritai", waigizaji. Neno la kazi halali liligeuka tusi. Huenda ndiyo maana bibi alinyamaza, ingawa mimi nadhani alikuwa anahesabu ada.

Fikiria ukubwa wa hatua ile. Mtambaji wetu akiwa fisi kwa dakika moja hurudi kuwa mtambaji, "basi fisi akaenda zake", na uzi wa hadithi haumtoki mkononi. Thespis hakurudi. Mara tu palipo na mtu anayesema "mimi" bila msimulizi wa kumshika mkono, mtazamaji analazimika kuamua mwenyewe kama anasema kweli. Mwanafalsafa Aristotle anatuambia kuwa mwandishi Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles wa tatu. Wawili wakisimama mbele yako wakibishana, kila mmoja akisema "mimi", hakuna anayekuambia nani mwenye haki. Unabaki na macho yako tu.

Halafu wakaifanya shughuli ya dola, na hilo ndilo la pili walilolianzisha. Kila majira ya kuchipua, sikukuu ya Dionysus ilikuwa na mashindano. Waandishi watatu wa tanzia waliingia, kila mmoja na michezo mitatu pamoja na wa nne wa mzaha, uitwao mchezo wa masatiri, viumbe wa hekaya. Kila kwaya ilikuwa na tajiri wake aliyetwishwa gharama kama kodi. Kwaya za dithirambo peke yake zilikuwa 20, kumi za wanaume na kumi za wavulana, kila moja watu 50. Hesabu mwenyewe: watu 1,000 wanacheza ngoma katika sikukuu moja, kabla hujahesabu tanzia na vichekesho. Waamuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Na waamuzi ni binadamu: Medea ya Euripides, mwaka 431 KK, ilishika nafasi ya tatu kati ya tatu.

Lakini kutazama si jambo jepesi, na Waathene walijifunza kwa uchungu. Mji wa Mileto, rafiki yao ng'ambo ya bahari, ulitekwa na Waajemi mwaka 494 KK. Mwandishi Phrynichus akautungia mchezo. Mwanahistoria Herodotus anasimulia kwamba ukumbi mzima uliangua kilio, na mwandishi akatozwa faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha watu msiba wao wenyewe, mchezo ukapigwa marufuku. Sasa tazama alichofanya Aeschylus mwaka 472 KK. Miaka minane tu imepita tangu Athens ichomwe moto na Waajemi, kisha Waajemi wakapigwa baharini huko Salamis. Watazamaji wengi walipigana. Yeye mwenyewe alipigana na Waajemi kwenye vita vya awali vya Marathon. Anaandika mchezo wa vita vya Salamis, lakini anauweka mzima kwenye ikulu ya Uajemi: wazee wanasubiri habari, mama wa mfalme ameota ndoto mbaya, tarishi anafika, na mwishoni mfalme mwenyewe, Xerxes, anarudi na mavazi yaliyochanika, wote wakilia pamoja. Waathene wamekaa kwenye kilima chao wakitazama adui akiomboleza. Haikutozwa faini. Ilishinda, na ndiyo tamthilia ya kale zaidi ya Kigiriki iliyotufikia nzima.

Mimi humfundishia kila mwanafunzi mifano hii miwili kabla sijamfundisha kitu kingine. Ukimsogezea mtu kidonda chake karibu mno, haoni, analia tu. Ukikipeleka mbali kiasi, anaona. Theatron ni kipimo cha umbali.

Sasa tanzia. Ni kweli, "tragoidia" imeundwa na mbuzi na wimbo. Kwa nini mbuzi, wataalamu wana maelezo kadhaa: mbuzi wa zawadi kwa mshindi, mbuzi wa kafara, au wachezaji waliovaa kama viumbe nusu mbuzi. Usipoteze usingizi kwa hilo, maana mbuzi hatakusaidia jukwaani.

Kinachokusumbua zaidi ni neno letu wenyewe. Tanzia kwa Kiswahili cha kila siku ni taarifa ya msiba. Ukiiona juu ya ujumbe wa simu, moyo unashtuka kabla hujasoma jina. Wahakiki walipolichukua liwe jina la aina ya mchezo, msiba ukaingia nalo, na ndiyo sababu kitabu chako kinadai kifo mwishoni. Kwa Wagiriki haikuwa lazima. Mwisho wa Oresteia ya Aeschylus, ya mwaka 458 KK, ni kesi: Orestes amemuua mama yake, anashtakiwa Athens, kura zinalingana, anaachiwa, na miungu wa kisasi wanatulizwa na kupewa makao. Hakuna maiti. Philoctetes ya Sophocles inaisha kwa mgonjwa kuahidiwa kupona. Aristotle hakudai kifo. Alitaka tendo zito, lililo kamili, linaloamsha huruma na hofu hadi vikatoka. Neno alilotumia, "katharsis", waganga wa Kigiriki walilitumia kwa kusafisha mwili, kama bibi anavyokupa haluli. Hapo tena amerudi hospitalini.

Na nikiwa hapohapo: thieta nzuri kuliko zote za Ugiriki zilizosimama mpaka leo, ile ya Epidaurus ya karne ya 4 KK yenye nafasi ya watu wapata 14,000, ilijengwa ndani ya eneo takatifu la Asclepius, mungu wa tiba. Wagonjwa walikwenda kulala pale wakisubiri kuponywa. Sisemi tamthilia ilikuwa dawa yao. Nasema tu kwamba bibi yako angepajua.

Tuje kwenye kipande chenu. Wenzako wanataka kuondoa korasi. Naelewa. Kwenye karatasi inachosha kweli, kwa kuwa kilichobaki ni maneno ya nyimbo bila nyimbo. Jaribu kuisoma mistari ya taarab bila ala wala sauti uone.

Lakini angalia palivyokuwa. Mbele ya watu palikuwa na uwanja uliosawazishwa ulioitwa "orchestra", maana yake mahali pa kuchezea ngoma. (Neno hilo limesafiri mpaka likaishia kwenye majina ya bendi za dansi za Kinshasa na Dar es Salaam, na wazee wa Orchestra Maquis walilirudisha nyumbani bila kujua, kwa kuwa watu walikwenda pale kucheza.) Nyuma yake palikuwa na "skene", yaani hema, ambako waigizaji walibadilishia nyuso za bandia. Korasi ya tanzia, watu 12 na baadaye 15, iliingia mwanzoni mwa mchezo na kwa kawaida haikutoka mpaka mwisho. Inasimama katikati ya waigizaji na watazamaji. Hao ndio watazamaji wa kwanza. Mkiwaondoa, mmekata daraja.

Ipo pia sababu ya fundi. Waigizaji walikuwa watatu tu, wote wanaume, na waligawana nafasi zote. Korasi ikiimba, mwigizaji anavua uso wa mtu mmoja na kuvaa wa mwingine. Wenzako wakiifuta, waulize nani atajaza muda huo.

Na katika Mfalme Oedipus pana mstari mmoja ambao ungetosha peke yake. Mji una tauni, wazee wa mji huo, Thebes, wameanza kushuku kwamba maneno ya miungu hayatimii na kwamba waovu watapita bila kuguswa. Katikati ya wimbo wanasimama na kuuliza: kama matendo ya namna hiyo yanaheshimiwa, kuna haja gani ya mimi kucheza ngoma? Hebu uone. Hawa ni watu wanaocheza ngoma kweli, kwenye sikukuu ya mungu, mbele ya mji mzima, na wanauliza kama ngoma ina maana. Mkiwa na msomaji mmoja aliyesimama pembeni na karatasi, mstari huo unakufa. Mkiwa na watu wanaocheza, na ngoma ikanyamaza ghafla kwenye swali hilo, ukumbi mzima utakaa wima.

Kwa hiyo mna njia tatu. Kuikata kabisa: nyepesi, na kama kipande chenu ni dakika kumi za Oedipus akihojiana na Tiresias, mtabiri kipofu, sitawalaumu. Kumpa mtu mmoja nafasi ya msimulizi: hii ndiyo wanayoichagua wengi na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamrudisha yule msimulizi ambaye Thespis alimuacha. Ya tatu ni kuigeuza kuwa ngoma ya kuitikiana, yenye kiongozi mmoja na waitikiaji sita au saba. Huhitaji 15. Fupisha maneno mpaka kila ubeti uwe na kiitikio kimoja cha kukaririka. Wasogee upande mmoja wakiimba ubeti, warudi upande wa pili wakijibu. Ola Rotimi, mwandishi wa Nigeria, alipoihamishia hadithi hiyohiyo kwa Wayoruba, kwa mara ya kwanza jukwaani mwaka 1968, aliiacha ngoma na nyimbo zibebe mzigo, na hakuna aliyemwambia amevunja kitu cha Kigiriki. Msianzie kwenye muhtasari wa intaneti. Samuel Mushi alikwisha kuitafsiri tamthilia ya Sophocles kwa Kiswahili kwa jina la Mfalme Edipode. Itafuteni maktaba ya chuo, isomeni kwa sauti, mkiwa mmesimama.

Tahadhari yangu ni moja, na hii siwezi kuimaliza kwa barua. Najua mtu kwenye kikundi atasema, "tutumie nyimbo za unyago, zina nguvu." Zina nguvu kwa sababu zina wenyewe. Nyingine haziimbwi mbele ya ambao hawajapitia, na mimi mwanaume nisiyechezwa siwezi kukupa ruhusa hiyo. Mwendee kungwi anayeheshimika, kaa naye, muulize kabla hamjaanza mazoezi, na akisema hapana, iwe hapana. Kwa miguu na mapigo, msijifundishe kwa video. Mtafuteni mwalimu wa ngoma. Kama mpo karibu na Bagamoyo, pale TaSUBa, chuo cha sanaa, wapo, na saa mbili mbele ya mtu anayeona visigino vyenu zitawasaidia kuliko kurasa zangu zote. Na kama mhadhiri wenu amesema huku kwetu hakukuwa na thieta, msimvizie darasani. Nendeni ofisini kwake na habari za Ikhernofret na za mtambaji, muulize amekusudia thieta kwa maana ipi. Huenda alikusudia tamthilia iliyoandikwa kwa mkondo wa Ulaya, na hapo mtakuwa hamkugombana kabisa.

Siku ya onyesho mwalike bibi. Mpe kiti cha mbele, katikati kabisa. Athens kiti hicho kilikuwa cha mawe, na aliyekikalia alikuwa kuhani wa Dionysus mwenyewe.